Somo la Juma Hili: Kuongoza Watu Katika Kituo cha Afya

Watu wengi hudhani ya kuwa kituo cha afya ni kuta, vitanda, sindano na dawa. Wakiona wagonjwa hawapati msaada wa kutosha, husema mara moja, "Dawa hazitoshi," au, "Jengo ni dogo." Mara nyingi husema kweli. Lakini iko sababu nyingine ambayo haionekani upesi, nayo ni namna wanavyoongozwa watu wafanyao kazi humo. Dawa haitembei yenyewe kutoka ghalani mpaka kwa mgonjwa. Hupita mikononi mwa watu. Karani asipoandika, mwuguzi asiposikilizwa, au msimamizi asipotazama, dawa iliyojaa ghalani haitamfaa mtoto mwenye homa aliye mlangoni.

Somo la juma hili lahusu jambo hilo. Mifano yetu mingi tumeitoa katika mitaa miwili ya Nairobi, yaani Kibera na Kawangware. Walakini msomaji aliye mashambani asidhani ya kuwa hayamhusu. Zahanati ya kijijini yenye mwuguzi mmoja na karani mmoja ina haja ya uongozi mwema kama ilivyo hospitali kubwa ya mjini.

MITAA MIWILI NA WATU WAKE

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa ruhusa ya kukaa huko, na baadaye watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi mjini. Kawangware iko upande wa magharibi ya mji, katika sehemu ya Dagoretti. Wakazi wa Kibera wakizidiwa na ugonjwa hukimbilia Hospitali ya Mbagathi iliyo jirani. Watu wengi wa Kawangware hutibiwa katika Kituo cha Afya cha Riruta. Pamoja na hivyo, mitaa yote miwili ina zahanati nyingi ndogo za watu binafsi, za makanisa na za mashirika.

Wengi wa wakazi hao ni vibarua wa siku, wafua nguo, walinzi, mafundi na wauza mboga. Hawana mshahara wa mwezi. Mama akikaa benchini tangu asubuhi mpaka adhuhuri, amepoteza ujira wa siku nzima, na saa zile alizokaa ni unga wa jioni uliokosekana. Kwa hiyo mpango mbaya wa kazi ni ada asiyoandikiwa mtu risiti.

Na tukumbuke habari ya ada zenyewe. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya ilipunguza malipo katika zahanati na vituo vya afya yakawa shilingi 10 na 20 tu. Mwezi wa Juni 2013 malipo hayo yakaondolewa, na huduma ya uzazi katika hospitali za Serikali ikawa bure. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini ada ilipoondoka, foleni haikuondoka. Palipokuwa na mlango wazi, watu wengi zaidi waliingia, na kazi ya wauguzi ikaongezeka. Hapo ndipo ilipoonekana wazi ya kuwa haitoshi kufungua mlango. Sharti pawe na utaratibu ndani ya nyumba.

KWANZA, TAZAMA SAA

Tuchukue mfano. Mama mmoja amefika kituoni saa moja asubuhi, amembeba mtoto. Kadi yake yapatikana saa mbili u nusu. Mtoto apimwa uzito saa tatu. Tabibu amwona saa tano, na dawa yatolewa saa sita kamili. Amekaa saa tano. Sasa hebu tuhesabu dakika alizokuwa mbele ya mfanyakazi: kwa karani dakika 5, mizani dakika 5, kwa tabibu dakika 8, na dirishani pa dawa dakika 4. Jumla ni dakika 22. Saa 4 na dakika 38 zilizobaki zilikuwa za kungoja tu.

Msimamizi asiyejua hesabu hii atasema, "Wafanyakazi ni wavivu, waharakishe." Lakini wakiharakisha, watakata dakika katika zile 22, ambazo ndizo za matibabu hasa, na mtoto hataangaliwa vema. Msimamizi mwenye busara hutafuta mahali zilipopotea zile saa nne. Pengine kadi hazikupangwa kwa namba. Pengine wagonjwa wote wa kisukari wameambiwa waje Jumatatu, na Alhamisi mabenchi ni matupu. Pengine mwuguzi huacha chumba chake mara kumi kwa siku kwenda kutafuta glavu.

Njia ya kuyajua hayo ni nyepesi, wala haihitaji mashine. Kwa juma moja mpe kila mgonjwa karatasi ndogo. Kila mfanyakazi aandike saa mgonjwa alipofika kwake. Jioni zihesabiwe pamoja na wafanyakazi wote, si ofisini kwa siri, maana mtu akihesabiwa bila kujua sababu hudhani anatafutiwa kosa.

PILI, MPE KILA MTU KAZI IMPASAYO

Mfano mwema wa jambo hili ulionekana Kibera yenyewe. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilianza kazi huko mwaka 1997, likakaa miaka 20, hata mwaka 2017 likakikabidhi Kituo cha Afya cha Kibera Kusini kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Katika miaka hiyo wagonjwa wa virusi vya UKIMWI waliotumia dawa walipata nguvu, nao hawakufa tena kama zamani. Wakawa wengi, na kila mmoja alitakiwa kurudi kituoni mara kwa mara. Wakati huohuo wenye shinikizo la damu na kisukari walizidi kuongezeka. Matabibu walikuwa wakitumia siku nzima kuwaona watu ambao hali yao ilikuwa njema, na wale waliougua kweli walingoja nyuma yao.

Mwezi wa Agosti 2013 ulianzishwa mpango mpya. Wagonjwa ambao hali yao ilikuwa imetulia waliwekwa katika vikundi vya watu 25 mpaka 35. Kila kikundi kilikutana mara moja katika miezi mitatu. Wauguzi na waelimishaji wa afya waliwapima, wakazungumza nao kidogo juu ya afya, na kuwapa dawa zao. Tabibu alimwona kila mtu mara moja kwa mwaka, au pale alipopatwa na shida. Tena wenye virusi, wenye shinikizo la damu na wenye kisukari waliketi pamoja katika kikundi kimoja, hata mtu akiwatazama hakuweza kujua nani ana ugonjwa gani. Jambo hilo lilipunguza aibu.

Matokeo ya mwaka wa kwanza yaliandikwa. Wagonjwa 1,432 waliingia katika vikundi 47. Kati yao 1,020 walikuwa na virusi vya UKIMWI na 412 walikuwa na shinikizo la damu au kisukari. Ziara 2,208 ziliondolewa katika foleni ya kila siku. Je, wauguzi na waelimishaji walipewa kazi iliyowazidi? La. Vipimo vya shinikizo la damu, uzito na maabara vilifanywa sawasawa katika ziara 98 au 99 kwa kila 100. Ziara 43 tu, yaani 2 kwa kila 100, zilihitaji mgonjwa kupelekwa kwa tabibu kabla ya zamu yake ya mwaka.

Yatupasa kuangalia sana maana ya habari hii. Kazi ilikatwa upya: aliyeweza kupima alipima, na mwenye elimu ya ugonjwa mzito akaachiwa wagonjwa mahututi. Pia kila mtu alijua mpaka wake. Mwuguzi alijua ni dalili ipi imlazimuyo kumpeleka mgonjwa kwa tabibu. Kumpa mtu kazi bila kumwonyesha mpaka ni kumtwika mzigo gizani.

TATU, PANGA VITU ILI WATU WAFANYE KAZI

Mfanyakazi mwema katika chumba kilichovurugika huonekana mvivu. Katika viwanda vya Japani watu walizoea njia moja ya kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano. Mwaka 2000 hospitali ya uzazi ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, iliichukua njia hiyo kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 2007 ilifika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, Tanzania, na ndugu zetu Watanzania wakazipa hatua zake majina ya Kiswahili ambayo yote huanza kwa herufi moja:

1. Sasambua: tenga vitu vinavyotumika na visivyotumika. Kitanda kilichovunjika na makaratasi ya kale yasikae chumba cha sindano.

2. Seti: kila kitu kipewe mahali pake, kiandikwe jina, kikitumika kirudi palepale.

3. Safisha: usafi uwe kazi ya kila siku ya wote, si ya mfagizi peke yake.

4. Sanifisha: utaratibu uwe mmoja katika vyumba vyote, ili mwuguzi akihamishwa asipotee.

5. Shikilia: liwe desturi, hata siku ambayo mkubwa hayupo.

Mwaka 2011 Kenya nayo ilitoa mwongozo wake wa ubora wa huduma za afya, na njia hii imo ndani yake. Uzuri wake ni kwamba haingoji fedha. Zahanati ya vyumba viwili Kawangware yaweza kuanza kwa rafu ya mbao na kalamu ya wino. Lakini hatua ya tano ndiyo ngumu kuliko zote. Wiki ya kwanza kila mtu hufagia kwa furaha kwa sababu wageni watakuja kuangalia. Mwezi wa sita ndipo ajulikanapo msimamizi wa kweli.

NNE, ONYA BILA KUVUNJA MOYO

Makosa hayakosekani mahali pa kazi. Tuseme mwuguzi amempa mgonjwa wa presha dawa za siku 14 badala ya 28. Msimamizi wa kwanza humfokea mbele ya wagonjwa, "Hujui kuhesabu?" Tangu siku hiyo wafanyakazi wengine wakikosea hunyamaza, na kosa lililofichwa halina dawa.

Msimamizi wa pili humwita kando, akasema, "Sista, hebu nionyeshe ulivyofanya jana."

Yule mwuguzi hujibu, "Metroni, nilikuwa peke yangu dirishani tangu saa nne. Na pakiti hizi mbili, tazama, zinafanana rangi."

Hapo metroni amepata mambo mawili ambayo kwa kufoka asingaliyapata: dirisha lahitaji mtu wa pili saa za msongamano, na pakiti zifananazo zisiwekwe rafu moja. Kesho yake kosa lile halitarudiwa na mwuguzi huyo wala na mwingine.

Lakini tusichanganye kosa na uovu. Mfanyakazi anayemtukana mama aliye katika uchungu, anayeuza dawa ya bure, au anayeandika katika daftari vipimo ambavyo hakupima, huyo hakuteleza. Sharti achukuliwe hatua kwa sheria, tena upesi, kwa maana akiachwa, wale waaminifu huona uaminifu wao ni ujinga.

TANO, TIMIZA AHADI

Hapana maneno matamu yawezayo kushika mahali pa mshahara uliochelewa. Wakenya walijifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za Serikali waligoma, wakidai yatekelezwe mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013. Mgomo ulidumu siku 100, mpaka tarehe 14 Machi 2017. Mwezi wa Juni mwaka huohuo wauguzi nao waligoma, na mgomo wao ukadumu karibu miezi mitano. Wenye fedha walikwenda hospitali za kulipia. Mtu maskini wa Kibera au Kawangware hakuwa na pa kwenda ila kwa mashirika na zahanati ndogo, au kukaa nyumbani na ugonjwa wake. Hatuandiki haya ili kuhukumu upande mmoja. Funzo ni kwamba ahadi iliyotiwa sahihi kisha ikawekwa kabatini huzaa deni, na mwisho wa yote deni hilo hulipwa na mgonjwa.

Watu wengine wa kufikiriwa ni wahudumu wa afya ya jamii, wale wapitao nyumba kwa nyumba. Tangu mpango wa afya ya jamii ulipoanzishwa mwaka 2006, wengi wao, hasa akina mama, walifanya kazi kwa kujitolea. Walijua ni mlango upi una mjamzito ambaye hajaenda kliniki, na ni mlango upi una mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iliwaandaa upya: wahudumu 100,000 wa nchi nzima walipangiwa mikoba yenye vifaa vya kupimia, na wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa kawaida mmoja hutazama nyumba 100, nao kumi wakiwa pamoja hufanya kitengo kimoja cha watu kama 5,000.

Watu hao wawe kama macho ya kituo. Lakini jicho halifai kitu likiwa ubongo hausikilizi. Mhudumu akileta habari ya watoto watano wanaoharisha katika ploti moja, kisha pasiwe na mtu wa kwenda kutazama bomba la maji, mara ya pili hataleta habari. Kwa hiyo kila kituo kiwe na siku moja maalumu ambapo wahudumu huketi na mwuguzi na afisa wa afya, na kila habari ijibiwe: limefanyika nini, na nani amelifanya. Na posho yao itoke kwa wakati, maana apitaye nyumba mia na mwenyewe ana watoto wa kulisha.

SITA, KITUO KISITEGEMEE MTU MMOJA

Habari ya Bibi Tabitha Atieno Festo inajulikana sana Kibera. Alikuwa mwuguzi mjane asiye na kazi. Mwaka 2000 alipewa shilingi kama 2,000 na kijana Mmarekani aitwaye Rye Barcott, akazitumia kuuza mboga. Kwa faida aliyoipata alifungua zahanati katika chumba chake mwenyewe, akawatibu majirani hata usiku. Mwaka 2001 yeye, Bwana Barcott na Bwana Salim Mohamed walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Bibi Tabitha alifariki dunia mwezi wa Desemba 2004.

Zahanati nyingi zilizoanzishwa na mtu mmoja mwenye moyo hufa naye. Hii haikufa. Ilipewa jina lake, ikakua, na baadaye ikajengewa nyumba ya ghorofa. Moyo wa mwanzilishi huanzisha kazi. Daftari, mafunzo na watu waliozoezwa kushika zamu ndivyo vinavyoiendeleza. Msimamizi ajiulize: nikiugua kesho, nani ana ufunguo wa ghala? Nani ajua kuagiza dawa? Kama jibu ni "mimi peke yangu," basi kituo chake ni kigonjwa, hata kikiwa kimepakwa rangi mpya.

MAMBO MATATU YA KUANDIKWA UKUTANI

Katika mwaka 2020 mamlaka iliyosimamia huduma za mji wa Nairobi wakati ule ilianza kujenga hospitali na vituo vipya katika mitaa ya watu wa hali ya chini. Majengo ni neema. Lakini jengo halijui kama linafanya kazi vizuri mpaka watu wapime. Twashauri kila kituo, kipya au cha zamani, kiandike ukutani mambo matatu kila Ijumaa: mgonjwa alingoja muda gani kwa wastani; wagonjwa wangapi walioahidi kurudi hawakurudi; na dawa zipi zilikosekana, kwa siku ngapi. Hesabu hizo zisomwe na wote, hata mfagizi na mlinzi wa mlango, kwa maana mlinzi ndiye mtu wa kwanza amwonaye mgonjwa. Juma linalofuata lichaguliwe jambo moja tu la kurekebisha. Mkono mmoja haulei mwana, na msimamizi peke yake hawezi kutengeneza kituo.

Yule mama tuliyemtaja hapo mwanzo haombi mambo makubwa. Ataka mtoto wake aangaliwe vizuri, aambiwe maneno ya adabu, na arudi nyumbani mapema apate kibarua cha mchana. Kituo kikiyaweza hayo, kimeongozwa vema.

MASWALI YA KUJIULIZA

Wasomaji wanaosoma pamoja katika vyama, makanisa, misikiti au mahali pa kazi wajadiliane maswali haya:

1. Katika kituo chenu, mgonjwa hungoja zaidi mahali gani, na kwa sababu gani?

2. Ni kazi ipi inayofanywa na tabibu ambayo mwuguzi aliyefundishwa angeweza kuifanya, na mpaka wake uwe wapi?

3. Kosa la mwisho lililotokea lilifichwa au lilizungumzwa? Ni nini kilibadilika baadaye?

4. Wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu wakileta habari, nani huwajibu?

5. Msimamizi wenu akiondoka leo, ni kazi gani itakayosimama kesho?